Kitambaa cha Karibu Mgeni Juu ya Mita ya Volti

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha kwanza, kaeni vizuri, mstaafu anaongea. Kama mnataka kucheka kwamba mstaafu mwenyewe ana miaka kumi na saba na chunusi kwenye paji la uso, chekeni sasa mmalize. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kuandika kwenye kikaratasi na kumpitishia mwalimu. Haya nayaandika kwa sababu kuyasema siwezi, na kwa sababu likizo moja mtapelekwa mahali kufanya kazi na hakuna atakayewaeleza kitu.

Kazi niliyostaafu ni ya kusoma volti. Niliifanya Nyololo, kwenye ghala la baridi la maparachichi pembeni ya barabara kuu, wakati nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Kwetu ni Ilomba, Mbeya, ila baba mdogo ana duka la vipuri Nyololo. Mama akasema afadhali nikakae kule nifanye kitu kuliko kushinda chumbani naandika mambo yangu. Baba mdogo akaongea na meneja, meneja akasema nafasi ipo. Ndivyo nilivyoajiriwa. Kwenye somo la uraia mtafundishwa njia nyingine ya kupata kazi. Mtihani ukija, jibuni hiyo.

Meneja wetu, Bwana Chengula, alikuwa anapenda vyeo. Mlinzi wa getini alikuwa Afisa Mapokezi ya Magari. Mama wa chai alikuwa Mratibu wa Ustawi wa Wafanyakazi, na chai ilibaki ileile ya rangi. Mimi nilipewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni: Subilaga, Afisa Ufuatiliaji Umeme. Nilikigeuza nyuma mbele wiki nzima ya kwanza ili watu wasikisome.

Sasa ili mnielewe, lazima mjue ghala lenyewe. Ni chumba kimoja kikubwa chenye mlango mzito kama wa benki. Ndani kuna makreti ya maparachichi yanayosubiri lori la baridi la kwenda bandarini. Nyuma yake kuna kompresa, mashine inayotengeneza ile baridi. Kompresa inazungushwa na mota, na mota hiyo haili umeme wa waya mmoja kama taa ya nyumbani kwenu. Inakula wa nyaya tatu, mafundi wanaziita fezi. Mota ikiungua, baridi inakwisha, na parachichi ni tunda lisilo na subira hata kidogo.

Mtu wa umeme alikuwa mmoja tu, Fundi Mgaya, Mhehe mrefu anayevaa koti la mvua hata kiangazi. Kompresa ya kwanza iliungua kabla sijafika mimi. Hakuna aliyejua kwa nini, kwa hiyo likatafutwa jibu la haraka: fundi alilala. Bwana Chengula akamwambia mbele ya wafanyakazi wote, "Mgaya, ikiungua ya pili, fungasha." Fundi alikuwa anaishi nyuma ya ghala na mkewe na watoto, kwenye chumba na sebule vya ghala hilohilo. Kufungasha kwake kungekuwa kufungasha kweli, na masufuria.

Siku ya kwanza nilimsalimia shikamoo. Akasema marahaba, halafu akasema kamwene, salamu ya kwao, halafu akainama kunitegea sikio.

"Umesema nini?"

"Shikamoo."

"Mnyakyusa wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ajabu. Wanyakyusa niliosoma nao walikuwa wakinong'ona, Makambako wanasikia. Sauti yako umeisahau Uyole kwenye basi?"

Akanipa mita ya mkononi, ile yenye waya mwekundu na mweusi, akaniambia nipime soketi ya ofisini. Nikachomeka ncha mbili kama nilivyoona mtandaoni, nikatazama kioo. Sifuri.

"Fundi," nikanong'ona, "umeme haupo."

Akatazama juu. "Na hiyo taa inawaka kwa maombi?"

Kumbe ile swichi ya kuzungusha nilikuwa nimeiacha kwenye upande wa umeme wa betri. Mita ilikuwa inajibu swali lingine kabisa, tena kwa ukweli. Fundi hakunisema. Alinifundisha jambo ambalo ningependa mlikate mlibandike ukutani: kabla ya kupima waya unaoutilia shaka, pima kwanza kitu unachojua hakika kina umeme. Halafu pima wa shaka. Halafu rudi kwenye kile cha kwanza.

"Kwa nini nirudi?"

"Kwa sababu mita nayo inaweza kufa katikati, na yenyewe haitoi taarifa ya msiba."

Mengine aliyonifundisha: vua pete, usiegemee chuma, mkono mmoja uweke mfukoni kama mtu anayeringa, na usipime huku unajibu simu. Ukipima fezi na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, utapata kama mia mbili thelathini, hizi za kuwashia taa na kuchajia simu. Ukipima fezi kwa fezi utapata kama mia nne. Hiyo mia nne hakunionya. Nilivyoiona kwenye kioo nilirusha mita ikaangukia kwenye chai ya Mratibu wa Ustawi.

Hiyo ni mita ya mkononi. Mita kubwa, ya ufuatiliaji, ilikuwa imefungwa ukutani ofisini. Inapima fezi kwa fezi siku nzima bila kuchoka: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza. Namba tatu. Bwana Chengula hakuzipenda.

"Namba tatu zinachanganya wageni," alisema. "Mgeni anataka namba moja."

Kwa hiyo aliyekuja kuifunga aliambiwa aiunganishe na TV kubwa ya ukutani, na TV ioneshe namba moja tu, wastani. Wastani ukiwa kati ya mia tatu themanini na mia nne ishirini, TV nzima inakuwa ya kijani. Ukitoka hapo, nyekundu. Bwana Chengula alijisifu kwamba tangu ifungwe haijawahi kuwa nyekundu. Mimi nilidhani ni sifa ya umeme. Baadaye ndipo nikaelewa ilikuwa sifa ya hesabu.

Na mita yenyewe? Mnavijua vile vitambaa vya kufuma vya nyumbani, vya kufunika TV, redio, friji na mgongo wa kochi. Kitu cha bei hakikai uchi, wageni watasema nini? Mita ilikuwa ya bei. Basi mke wa meneja akafuma kitambaa cha rangi ya maziwa, kingo za pinki, katikati maua mawili na maneno Karibu Mgeni. Kikaning'inizwa juu ya mita kikafunika kioo chote. Mgeni aliyekaribia kweli aliambiwa asiguse.

Fundi Mgaya aliomba kiondolewe.

"Vumbi, Mgaya," meneja akasema. "Huoni malori haya?"

"Bosi, kile kioo ni cha kusomwa."

"Kinasomwa kwenye TV. Sasa unataka tusome mara mbili kama watoto wa chekechea?"

Kazi yangu rasmi ilikuwa kuitazama TV kila saa na kuandika namba kwenye grupu la WhatsApp lililoitwa Umeme Daima. Naandika 405, wanaweka vidole gumba. Naandika 402, vidole gumba. Siku moja niliandika kwa makosa 4005. Vidole gumba, na mmoja akaongeza, "Hongereni sana idara."

Kazi yangu isiyo rasmi nilipewa na Fundi: kila asubuhi kabla meneja hajafika, funua kitambaa, soma zote tatu, kaniambie. Hapo ndipo nilipojifunza. Namba zikikaa kama ndugu, 412, 414, 413, mota ina furaha. Hata zikishuka kidogo zote pamoja, inavumilia. Mbaya ni moja kujitenga na wenzake. Hapo mota inabeba mzigo upande upande, inapata joto ndani, na joto hilo huwezi kuliona mpaka unuse moshi.

Sasa siku yenyewe.

Alikuwa anakuja Bi Zuhura, mama mfanyabiashara wa Iringa mjini, wazee wake walitokea Kilwa na mizigo ya nguo, yeye akaona parachichi zinatembea vizuri kuliko khanga. Alikuwa ananunua kwa wakulima wengi wa Mufindi. Mzigo wake wa kwanza ulikuwa tayari ndani ya chumba cha baridi kama majaribio, na siku hiyo alikuja na wakulima wake kuangalia kama atuletee wa msimu mzima. Bwana Chengula alivaa suti. Fundi Mgaya, mtu pekee anayeijua kompresa, akatumwa getini kufunga spika na maputo.

Mimi nilibaki ofisini na TV ya kijani. Ikaandika 390. Nikatuma 390. Vidole gumba.

Lakini sauti ya kompresa haikuwa yake. Siku zote inavuma kama mashine ya kusaga ya jirani. Siku hiyo ilikuwa inaguna, kama mtu aliyebeba gunia na anakataa kusema ni zito. Nikafunua kitambaa. 377. 416. 377.

Nikaandika kwenye grupu: "Mita inasoma 377, 416, 377. Hazilingani. Kompresa inaguna." Ujumbe mrefu kuliko wote niliowahi kutuma.

Bwana Chengula akajibu hapohapo, yuko getini anasubiri wageni: "TV inasema ngapi?"

"390."

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Basi. Tusiharibu sherehe."

Vidole gumba kumi.

Nikakimbia getini. Gari la wageni lilikuwa limeshapita na meneja analifuata; Fundi alikuwa bado juu ya ngazi, puto mdomoni. Nikamwambia namba. Puto likamtoka likaruka likilia mpaka barabarani.

"Imelegea sehemu," akasema. "Fezi moja inakuja nusunusu. Ile mota haimalizi mchana huu."

"Tuizime!"

"Nani aizime? Bosi amekataza isiguswe bila yeye kusema, wageni wasikie inavuma. Nikiizima mwenyewe nimeharibu sherehe. Nikiiacha ikaungua, nililala." Akashuka ngazi polepole. "Mimi akiniona nasema, anasikia fundi anatafuta visingizio. Nenda wewe."

"Mimi siwezi kuongea mbele ya watu, Fundi."

"Najua," akasema. "Hata mimi hapa nakusikia kwa kubahatisha."

Niliporudi ofisini wageni walikuwa wameshaingia. Bi Zuhura amekaa kwenye kochi, buibui jeusi, simu mbili mkononi, wakulima wamesimama ukutani na kofia zao wamezishika kifuani kama kanisani. Bwana Chengula anaionyesha TV kwa fimbo.

"Mia tatu tisini. Kijani. Mama, hapa umeme wetu hautikisiki."

"Mashaallah," akasema Bi Zuhura. "Na hiyo mashine inayopima yenyewe iko wapi?"

"Ile pale, imefunikwa. Vumbi."

"Kitambaa kizuri. Amefuma nani?"

"Mke wangu."

"Hongera yake." Akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nahema. "We binti, mbona unatetemeka? Unaumwa?"

Wote wakanitazama. Wadogo zangu, ulimi wangu ulikuwa kama soksi mdomoni. Nikaona sitaweza kusema hata shikamoo. Kwa hiyo sikusema. Nilikwenda ukutani nikavuta kitambaa. Kilikuwa kimefungwa kwa pini, kikaja na pini zake na kipande cha plasta ya ukuta.

371. 416. 371. Zilikuwa zimeshuka tena. Kwenye TV, wastani: 386. Kijani.

"Mbona huku ziko tatu?" akauliza mkulima mmoja.

"Ni kitu kilekile," akasema Bwana Chengula, ananitazama kwa macho ya kesho utanitambua. "Ule ni wastani. Wastani ni mzuri."

Hapo ndipo ikatoka. Sijui ilitokea wapi.

"Darasani kwetu wastani wa hesabu ulikuwa mzuri," nikasema. "Kwa sababu ya Joeli. Joeli alipata tisini na nane. Mwalimu mkuu akausoma wastani mbele ya wazazi wakapiga makofi. Mimi nilipata kumi na mbili. Mama yangu naye alipiga makofi."

Mkulima wa pembeni akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kofia.

"Sasa kwenye huo ukuta," Bi Zuhura akasema taratibu, "Joeli ni yupi?"

Nikaonyesha 416.

"Na hawa waliofeli wanafanya nini kwenye maparachichi yangu?"

"Wanaunguza mota, mama."

Bi Zuhura akasimama. Hakumgombeza mtu. Alimwambia tu Bwana Chengula, "Baba, mwite fundi wako." Bwana Chengula akatoka mwenyewe mbio, na suti, akiita Mgaya kwa sauti ambayo spika za getini hazikuihitaji.

Fundi akazima kompresa. Na hapa, wadogo zangu, nisikilizeni sana, maana hili halimo kwenye kitabu cha fizikia. Alipoizima tu, namba zikarudi: 415, 416, 415. Ndugu kabisa.

Bwana Chengula akafuta jasho. "Imepona! Si mnaona? Washa."

"Imepona kwa sababu haijabeba kitu, bosi. Kiungo kilicholegea kinajionyesha kikibebeshwa mzigo. Tukiwasha, itarudi."

"Basi tusiwashe!"

Wakulima wote wakageuka kumtazama Bwana Chengula. "Nilikuwa nafikiri tu," akasema.

Tatizo lililobaki lilikuwa baridi. Chumba kile mlango ukikaa umefungwa kinatunza baridi yake kwa muda wa kutosha, lakini kila aliyeingia siku hiyo alitaka afungue achungulie kama bado kuna baridi. Bi Zuhura akachukua kiti cha plastiki, akakiweka mgongo ukigusa mlango, akakaa. "Anayetaka kupita apite juu yangu," akasema, akafungua simu zake akaendelea na biashara.

Fundi akazima swichi kuu. Akapima soketi ya duka la jirani, mita ikasoma vizuri. Akapima nyaya zetu, sifuri. Akarudi kupima soketi ya jirani, ikasoma. Meneja akauliza kwa nini anatembea tembea. Nikamjibu mimi, kwa sauti iliyosikika, "Mita haitoi taarifa ya msiba."

Nyuma ya swichi kuu, upande wa kutokea, tuliukuta ubovu: kichwa cha waya wa fezi ya kwanza kimekuwa cheusi kama mkaa, skrubu inazunguka kwa kidole. Fundi aliushika akauangalia muda mrefu. Hakusema kitu kuhusu kompresa ya kwanza. Mimi nilifikiria tu, na nadhani Bwana Chengula naye alifikiria, kwa sababu aligeuka akaanza kuhesabu maputo.

Fundi akaukata ule mweusi, akaweka kichwa kipya kutoka dukani kwa baba mdogo, akakaza, akakaza tena, akanipa bisibisi nikaze mimi ili nijue kukaza ni kukaza kiasi gani. Tukawasha. Kompresa ikavuma tena kama mashine ya kusaga ya jirani. 413, 414, 413, na mzigo wote umebebwa. Bi Zuhura akasikia sauti, akainuka kwenye kiti, akaweka kiganja kwenye ule mlango. "Nitaleta," akasema. "Ila hicho kitambaa mkipeleke sebuleni."

Jioni Bwana Chengula aliandika kwenye grupu: "Leo mfumo wetu wa kisasa wa ufuatiliaji umegundua hitilafu mapema, kwa uongozi thabiti." Vidole gumba vikajaa. Fundi Mgaya aliweka. Mimi pia niliweka, nisiwadanganye. Kuna siku ya kuvuta kitambaa na kuna siku ya kuweka kidole gumba, mradi kompresa inavuma.

TV siku hizi inaonyesha zote tatu. Juu yake wameacha wastani, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wageni.

Nilistaafu matokeo yalipotoka. Nimechaguliwa kidato cha tano, mchepuo wa HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo taifa limepoteza mtu wa umeme na hesabu tusiziongelee. Waliniaga kwa soda na keki. Bwana Chengula alitoa hotuba ndefu juu ya vijana na teknolojia, akanikabidhi zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Nilijua ni nini kabla sijafungua, kwa ulaini wake. Plasta ya ukuta ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye pini moja.

Kiko Ilomba sasa. Mama amekipenda sana, ameifunikia TV. Kila asubuhi nakiinua kwa ncha ya kidole, nachungulia, nakirudisha. Mama anauliza natafuta nini humo. Namwambia ni mazoea ya kazini.

Juzi baba mdogo alipiga simu kutoka Nyololo, nikamuuliza habari za ghala. Akasema ziko vilevile: kompresa inavuma, na mke wa Fundi Mgaya amepanda mboga nyuma ya nyumba.